Frenchi tosti imegoma? Tuanze na dalili, alafu tutafute mchawi

Kila Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi simu yangu inaanza, na siku hizi kabla sijapokea nishajua. Wifi yangu, "katikati imekuwa uji." Mdogo wangu, "imeng'ang'ania kwenye frampeni na wageni wako sebuleni nifanyeje." Malalamiko ni yale yale tu yanazunguka, na ukifuatilia unakuta wachawi wakubwa ni wawili, mkate wa leo leo na moto mkali, wengine wote ni wasindikizaji. Nimeamua niyaandike yote ili Jumapili na mimi ninywe chai ikiwa moto.

Tuelewane jina kwanza. Ukimwambia mtu wa Zanzibar au Mombasa unapika mkate wa mayai anaweza kusubiri ile keki ya iliki, mayai yanapigwa mpaka yanaumuka, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hapa naongelea slesi zinazolowekwa kwenye mayai na maziwa alafu zinakaangwa. Wafaransa wanaita pain perdu, yani mkate uliopotea, ule uliokauka ambao ungetupwa, kwa hiyo kwenye jina tu washakupa nusu ya majibu. Na kitu ambacho watu hawakielewi, hii sio omleti iliyovalishwa mkate. Ni kastadi, yani mchanganyiko wa mayai na maziwa, iliyoingia ndani ya mkate ikaganda humo humo. Ukilishika hilo mengine yanajieleza.

Kipimo changu ambacho nakitumia kuhukumu wengine: slesi 6 nene kama sm 2 hivi, mayai 3, maziwa ml 250, krimu vijiko vitatu kama ipo, sukari kijiko kimoja kikubwa, mdalasini nusu kijiko cha chai, vanila kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mayai ya kienyeji ni madogo, weka 4. Mkate mzuri ni ule usiokatwa unaukata mwenyewe, na kama unataka ya kifahari kweli tafuta brioshi au mkate wowote wenye maziwa na siagi ndani. Ule wa slesi nyembamba za dukani unawezekana ila unahitaji adabu, tutafika.

NJE IMEUNGUA, KATIKATI UJI

Hii ndo kesi namba moja, ningekuwa nalipwa kwa kila simu ya hii ningekuwa na kiwanja Kigamboni.

Mshukiwa wa kwanza ni moto. Yai na maziwa yaliyomo ndani ya mkate inabidi yafike kama nyuzi 71 za Selsiasi ndo yagande na yawe salama, na joto linaingia ndani polepole sana maana mkate una matundu ya hewa na hewa haipitishi joto haraka. Ukiweka moto wa kukaangia chipsi nje inapata rangi ndani ya dakika moja, huko ndani hawana hata habari kwamba kuna shughuli. Cheki saa yako, upande mmoja unatakiwa uchukue dakika 3 mpaka 4 ndo uwe kahawia. Ikipata rangi kwa dakika moja shusha moto, sio ugeuze haraka haraka ukidhani unaokoa. Kwa jiko la mkaa toa vipande viwili vitatu au funika makaa na majivu kidogo. Na kama unatumia chuma cha chapati, ambacho mimi ndo nakipenda kuliko frampeni zote, kumbuka kinashika joto, ukishusha moto kinakaa dakika kadhaa bado kimenuna, kwa hiyo kishushe mapema.

Wa pili ni mkate wa leo. Mkate uliotoka kiwandani asubuhi umeshajaa unyevu wake, ukiulowesha maziwa unavimba nje katikati panakuwa ugali. Bonyeza slesi kwa kidole, ikibonyea ikabaki imegandamana kama unga uliokandwa, bado haijafika. Usiku uliotangulia panga slesi kwenye waya wa oveni au ungo, funika na kitambaa chepesi, asubuhi zimekauka. Sasa mikoa ya pwani hewa ina unyevu, kuna siku zinaamka laini vile vile na sisimizi wameshafanya mkutano, kwa hiyo njia ya uhakika ni oveni nyuzi 120 dakika 10 mpaka 15, unageuza katikati ya safari. Huna oveni? Frampeni kavu bila mafuta, moto mdogo, slesi ikauke bila kupata rangi. Ila mkate uliokauka na mkate wenye ukungu ni vitu viwili tofauti, ukiona doa la kijani tupa wote, usikate kipande ukaendelea, ukungu unakuwa umeshatembea usikouona.

Ukishaondoa hao wawili na bado, angalia maziwa. Kikombe kimoja kwa mayai matatu ndo mpaka, ukizidisha kastadi haigandi hata uikaange mpaka Jumatatu. Watu huwa wanaongeza maziwa yai likiwa limebaki moja, wanadhani wanabana matumizi. Na mwisho kabisa ni unene, slesi ya sm 3 kwenda juu haiivi kwenye frampeni peke yake, ipe rangi pande zote mbili alafu imalizie oveni nyuzi 180 dakika 8 mpaka 10.

Na kama umeshaharibu na watu wameshakaa mezani, usipaniki, rudisha frampeni kwenye moto mdogo kuliko wote, funika na mfuniko dakika 2 au 3 kila upande. Itapoteza ukavu wa nje kidogo lakini ndani itaiva. Zile zilizobaki majimaji katikati usimpe mtoto mdogo, mjamzito wala mzee mgonjwa, yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela na hao ndo inawapiga vibaya.

INAKATIKA UKIINYANYUA

Hapa asilimia kubwa ni kuloweka kupita kiasi. Slesi nyembamba ya dukani inataka sekunde 5 upande mmoja, sekunde 5 upande wa pili, basi, sio unaiacha humo unaenda kujibu meseji. Ile nene iliyokauka inataka sekunde 20 mpaka 30 kila upande, brioshi punguza maana ni laini. Ya pili ni mkate wenyewe kuwa wa leo, tumeshaongea. Ya tatu ni jinsi unavyoinyanyua, watu wanachoma na uma wanavuta, tosti imejaa maji na ni nzito sasa unategemea nini. Pitisha mwiko bapa chini yote, acha idondoshe sekunde chache, alafu nenda nayo frampeni, na bakuli liwe karibu na jiko sio upande wa pili wa chumba ambapo unasafiri na mkate unachuruzika njia nzima.

Ikishakatika usitupe. Vunja vunja zote, panga kwenye trei iliyopakwa siagi, mwagia mchanganyiko uliobaki, oveni nyuzi 180 dakika 25 mpaka 30 mpaka pakiguswa katikati pasicheze. Juu tia zabibu kavu. Mimi mara moja niliwaambia mashemeji kwamba ndo nilivyopanga tangu mwanzo, na mpaka leo wanaiulizia hiyo.

VIPANDE VYEUPE VYA YAI JUU, HARUFU YA OMLETI

Ute haujapigwa ukachanganyika. Ute wa yai ni mzito, unakaa pamoja kama kamasi (samahani kwa wanaokula), na mkate unanyonya maziwa kwanza ute unabaki juu, ukifika kwenye moto unaganda peke yake mweupe. Piga mayai na chumvi na sukari kwanza kabla ya maziwa, mpaka ukinyanyua uma hakuna kamba zinazoning'inia. Bado unaziona? Pitisha kwenye chujio la chai, dakika moja tu, hii ndo hatua watu wanairuka alafu wananipigia.

Sababu ya pili ni ya nyumbani kwetu kabisa. Umechemsha maziwa fresh, kitu ambacho ni sahihi, alafu ukayamimina ya moto juu ya mayai. Yai limeiva hapo hapo kwenye bakuli. Acha maziwa yapoe mpaka ukitia kidole usihisi kitu. Kama mchanganyiko umeshakuwa na mabonge chuja, ukiona mabonge ni mengi kuliko maji anza upya, hakuna dawa.

Shombo ya yai yenyewe mara nyingi ni kukosa chumvi na vanila, au yai la siku nyingi. Liweke kwenye maji, likilala chini ni jipya, likisimama wima tumia haraka, likielea achana nalo. Na siku zote vunja kila yai kwenye kikombe peke yake kabla ya kumimina bakulini, viza moja linaua mengine yote na maziwa juu.

Mdalasini unaelea na kujikusanya madoa? Haupendi maji, ndo tabia yake. Changanya na sukari ikiwa kavu kwanza ndo uweke kwenye yai. Na ukichoka mdalasini weka iliki ya kutwanga, nusu ya maziwa badilisha na tui la nazi, hiyo tosti sio ya Paris tena ila nani kalalamika.

INANATA KWENYE FRAMPENI

Unaigeuza mapema. Hiyo ndo ya kwanza. Tosti ikishapata rangi inajiachia yenyewe, ukiona inang'ang'ania ujue inakuambia bado, mpe dakika nyingine moja kabla hujaanza kukwangua.

Ikiwa rangi ipo na bado imenata, frampeni ilikuwa baridi ulipoweka. Dondosha tone la maji, likikaa tu hapo kimya ni baridi, likichemka na kuisha ndani ya sekunde mbili ni sawa, likiviringika linakimbia kama gololi ni moto sana. Baada ya hapo angalia mabaki ya raundi iliyopita, sukari na yai vinakauka chini vinakuwa gundi, futa na kitambaa au karatasi laini kila baada ya raundi alafu weka mafuta mapya. La mwisho ni frampeni isiyonata ambayo imeshachubuka, hiyo imestaafu. Usiipashe moto mkali ikiwa tupu pia, lile tabaka lake lisilonata likizidi moto linatoa moshi mbaya kwa kifua, na kama unafuga ndege ndani moshi huo unawaua kabisa.

Sufuria nyembamba ya alumini inawezekana ila ina sehemu zinazowaka kuliko nyingine, tosti inaungua upande mmoja tu. Izungushe zungushe juu ya moto.

MADOA MEUSI, LADHA CHUNGU

Siagi imeungua. Ndani ya siagi kuna maziwa kidogo, yale ndo yanayoungua na kuacha vidoti vyeusi. Kuna imani kwamba ukichanganya na mafuta ya kupikia haiungui, sio kweli, yale maziwa yanaungua vile vile ila tu yanakuwa machache. Dawa ni samli, ile imeshatolewa maji na maziwa, inavumilia moto na harufu yake kwenye mkate wa mdalasini jamani. Kaangia samli, alafu sekunde 30 za mwisho tupia kipande cha siagi kwa ajili ya ladha.

Kama ulikuwa na samli na bado nyeusi, ni sukari. Hasa wale wanaotumia maziwa ya kopo yale mazito matamu, yale yamejaa sukari na sukari inaungua haraka. Utamu unakuja juu mwishoni, ndani weka kidogo.

Na kinyume chake, tosti iliyopauka kama mgonjwa imejaa mafuta, hiyo frampeni ilikuwa baridi au umejaza slesi nne sehemu ya mbili. Zikijaa zinatoa mvuke, joto linashuka, tosti inachemka badala ya kukaangika na inakunywa mafuta yote. Mbili mbili. Vumilia.

KAVU KATIKATI KAMA HAIJAWAHI KUONA MAZIWA

Umechovya kwa haraka au mkate ulikuwa umekauka mpaka kuwa jiwe. Mkate wa siku 3 au 4 unataka dakika nzima kila upande, na kuna ganda gumu pembeni ambalo halipitishi kitu, likate. Kata slesi moja katikati kabla ya kukaanga ujionee, unyevu uwe umefika ndani kasoro mstari mwembamba tu. Haujafika, rudisha bakulini.

ILIKUWA SAFI, IMEFIKA MEZANI IMELEGEA

Umezipanga moja juu ya nyingine kwenye sahani na ukafunika na hotipoti. Mvuke unatoka hauna pa kwenda unarudi kwenye tosti. Najua hotipoti ni heshima ya nyumba, ila hapa inaua. Weka kwenye waya ndani ya oveni nyuzi 100, zikae mpaka dakika 20 zikisubiri wanaooga. Huna oveni, ziegemeze zenyewe kwa zenyewe kwenye trei ubavu kwa ubavu zisilaliane, na asali au sosi usimwage mpaka mtu amekaa na uma mkononi. Kuzipasha kesho yake kwenye maikrowevu zinakuwa mpira, tumia frampeni kavu. Mchanganyiko uliobaki wa mayai kwenye joto letu usiache nje zaidi ya saa moja, na uliolowekea mkate usiutunze, mwaga.

SOSI YA KARAMELI IMEKUWA CHENGA

Hapa ndo sehemu ya kujidekeza na ndo sehemu ya hatari. Ikirudi kuwa chenga umeikoroga, au kuna punje za sukari pembeni ya sufuria zimedondokea ndani. Sukari ml 100 na maji vijiko viwili, ikishaanza kuchemka usiiguse na kijiko, tingisha sufuria tu. Ikishakuwa chenga ongeza maji vijiko vitatu, anza upya kwa moto mdogo mpaka iyeyuke. Krimu iwe imepashwa kidogo, ya baridi kutoka friji inaruka kama bomu, na uweke kwa kidogo kidogo umesimama mbali.

Sukari ikifika rangi ya kahawia ipo kwenye nyuzi 170 huko, maji yanayochemka ni 100, fikiria mwenyewe. Watoto watoke jikoni. Ikikurukia weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, usipake dawa ya meno, usipake asali wala mafuta, usibandue karameli iliyogandia ngozi. Malengelenge makubwa kuliko kiganja, au usoni, au kwa mtoto, ni hospitali sio kesho.

Ukiogopa yote hayo kata ndizi mbivu mbili, kaanga kwa samli na sukari kijiko kimoja na chumvi kidogo, dakika 3. Hakuna aliyewahi kulalamika.

HAPA ZIMA JIKO, ACHA TOSTI

Kuna dalili ambazo sio za mkate na ukiziona usinipigie mimi.

Moto wa gesi ni wa njano na sufuria zinatoka na masizi meusi chini: mara nyingi matundu ya bana, pale moto unapotokea, yameziba na yai na maziwa yaliyomwagika. Jiko likiwa limezimwa na limepoa, toa kile kifuniko cha bana, osha, zibua matundu na sindano, kausha kabisa. Ukirudisha na bado ni njano, muite fundi wa majiko ya gesi, moto huo unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hewa hiyo hiyo inatoka kwenye mkaa, kwa hiyo jiko la mkaa halipikiwi chumba kilichofungwa hata kama kuna mvua.

Harufu ya gesi: funga mtungi, fungua madirisha na milango, usiwashe wala usizime taa yoyote, toka nje na watu wako, simu piga ukiwa nje. Harufu ikishaisha, kabla ya kuwasha tena paka maji ya sabuni kwenye mpira na regyuleta, fungua mtungi bila kuwasha jiko, ukiona mapovu yanakua hapo pana tundu, funga mtungi. Usifunge na selotepu. Usibane na waya. Mpira unabadilishwa na fundi.

Mafuta yameshika moto kwenye frampeni: zima jiko, funika na mfuniko wa chuma, usiinyanyue wala kuikimbiza nje, na usimwage maji hata tone. Haizimiki ndani ya sekunde chache, tokeni na mfunge mlango, Tanzania zimamoto ni 114, Kenya 999 au 112.

Jiko la umeme linakata kata, plagi imekuwa ya moto au imeyeyuka pembeni: chomoa ikiwezekana kwa usalama, isiwezekane zima swichi kuu, fundi umeme. Sio kubadilisha plagi mwenyewe kwa kisu cha siagi, namjua mtu.

Na kuna mgeni amekula vipande viwili midomo ikaanza kuvimba, vipele mwilini, sauti inakwaruza au anapumua kwa shida. Hiyo ni aleji, inaweza kuwa ya mayai, ya maziwa au ya njugu ulizonyunyiza juu. Usimpe maziwa wala maji ya limao kusubiri ipungue, mpelekeni hospitali hapo hapo na mtu mmoja abebe orodha ya ulichoweka, kila kitu, mpaka ile vanila.